Sauti ya Kuitia Kuku

Duka la vitabu la Sebit Marjani, pale Makina,
lina rafu nne na vitabu kumi na tisa.
Nimevihesabu, maana ni mimi niliyevitoa,
ukurasa kwa ukurasa, kwa mashine yangu ya fotokopi
mlango wa pili, ubavuni mwa muuza makaa.
Pini za stepla ni zangu. Madoa ya wino ni yangu.
Lugha si yangu.

Kinubi huingia kwangu kimechafuka,
mwandiko wa watu sita wasiokubaliana,
hutoka kina joto kama chapati.
Siku ya kwanza nilidhani nimenasa kosa:
"Sebit, hapa mmeandika mtoto amekunywa moyo."
Akacheka hadi akashika rafu.
"Kwetu moyo ni maji, jirani.
Wewe unao mmoja kifuani, sisi tunao mtungi mzima."
Tangu hapo, mfereji ukikauka wiki nzima
na mitungi ya manjano ikapanga foleni hadi barabarani,
husema kimoyomoyo: Makina leo haina moyo.
Kisha hujiuliza nimesema kwa lugha ipi.

Usidhani watu huja kununua.
Bi Zamzam huja kugomba.
Hulamba kidole, hufungua kamusi ukurasa uleule,
kalamu nyekundu kaichomeka kwenye mtandio:
"Nani kawaambia tabaga huandikwa hivi?
Mama yangu alisuka kawa arobaini
na hata moja haikuwa na herufi hiyo."
Vijana wa bodaboda huja kutafuta tusi safi la kale.
Fundi Rehani, aliyezaliwa hapahapa
na kukisubiri kitambulisho miaka minane,
huja kukaa tu. Anapenda, asema, chumba
ambamo hakuna anayemuuliza babu yake alitoka wapi.

Ukutani kuna kadibodi:
NENO LILILOSAHAULIKA, CHAI MOJA.
Zamzam amekunywa kuliko wote.
Mara nyingine nashuku anayatunga.
Sebit naye anashuku, na bado anaongeza iliki.

Juzi umeme ulikatika, mashine ikameza
ukurasa wa arobaini na moja, ikagoma kuutapika.
Nikaenda kukaa gizani kwa Sebit.
Akanimiminia kikombe, akasema, "Leo lipa."
Nikamwambia mimi si Mnubi.
"Najua. Lipa kwa chako."

Changu.
Nimezaliwa Mfangano, nyumba ya Wasuba,
lakini Kisuba kilizikwa pamoja na nyanya,
nasi tukarudi kutoka kaburini tukiongea Kijaluo
hadi mlangoni, na Kiswahili hadi Nairobi.
Nikajipekua kama mtu apekuaye mifuko ya koti
mbele ya askari anayesubiri.
Nikapata sauti moja:
ile aliyoitia kuku jioni, mtama mkononi,
ulimi ukigonga kaakaa, kisha pumzi, kisha mlio mrefu.
Sijui kama ni neno. Kuku walilielewa.

Nikaitoa. Kwa aibu. Mara mbili.
Zamzam, kwenye kona yake, hakucheka.
Alichomoa kalamu nyekundu akamkabidhi Sebit,
naye akavuta daftari jipya la kurasa thelathini na mbili
kutoka rafu ya chini, akaandika 1,
kisha akanitazama.
"Inaandikwaje?"

Mpaka leo sijui.
Namba ile ipo, na mbele yake pako wazi.
Asubuhi nikiwasha mashine
huitoa karatasi hiyo kwanza,
nakala moja tu, kujaribu wino.